Aya Iliyomsimamisha Maalim Othmani

Walimu wenzangu, mmeniaga kwa khanga, jagi la chai na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua saa. Halafu mkanifuata mpaka nyumbani Michenzani, mkapanda ngazi mkihema, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya, nimekubali. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, mnayajua na yanawauma kama yalivyoniuma. Nitaandika kazi yenyewe ya kuwafundisha wasioona kusoma kwa nukta nundu, na nitaandika jambo lililonitokea mwishoni mwishoni, ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kifua. Nimezoea kuwaeleza watu mambo kwa utulivu, lakini hili sina utulivu nalo.

Nilianza kazi nikiwa msichana niliyetoka chuo cha ualimu. Nilidhani nimepangiwa darasa la kawaida. Mwalimu mkuu akanipeleka kwenye chumba cha nyuma ya skuli, akafungua mlango, akaniacha. Ndani giza tupu. Nikapapasa ukutani, nikawasha taa, na hapo nikaruka. Kulikuwa na mtu mezani, amekaa kimya, anaandika.

"Umewasha taa," alisema.

"Umejuaje?"

"Swichi ina kelele. Na wewe una woga, nimekusikia ukiruka. Karibu."

Huyo alikuwa Mwalimu Petro, mtu wa bara, Mkristo, asiyeona tangu utotoni, na karibu kila ninachokijua katika kazi hii kimetoka kwake. Alinipa kibao cha chuma chenye vidirisha vidogo na sindano butu yenye mpini wa mbao. Karatasi ngumu unaibana kwenye kibao, unaandika kutoka kulia na herufi umezigeuza, kisha unaifungua karatasi na kuigeuza, na zile nukta ulizozididimiza zimetuna upande wa pili. Wiki ya kwanza karatasi zangu zote zilitoka na matundu.

"Binti, unaandika au unashona?" aliniuliza, huku anapitisha kidole.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na alinirudia nayo mpaka nikaichoka. Mdomo usikitangulie kidole. Mwanafunzi asitamke neno mpaka kidole kimelimaliza, kwa sababu mdomo ni mwongo, unakisia, na mwalimu mvivu unamdanganya. Mwalimu Petro alirejea kwao zamani na akafia huko, Mungu amrehemu, lakini sheria yake nimewarithisha nyote, hata nyinyi mnaoipuuza.

Vifaa vyetu viangalieni. Nukta nundu haitaki maji wala uzito. Masika karatasi zinalegea, kwa hiyo kabati lisigusane na ukuta. Vitabu visimamishwe, visilazwe. Hapa ndipo watu wetu wanaponishinda, kwani mtu akiambiwa hiki kitabu ni cha dini, kwa heshima zake zote anakiweka juu ya kabati, kisha analundika juu yake vitabu vingine vya dini. Ukija kukifungua, nukta zimelala, hakuna cha kusoma. Na kuna mama mmoja, mtu safi sana, ambaye mwanawe alirudi nyumbani na kurasa za mazoezi. Aliziona zina chunjua chunjua, akazipiga pasi. Alizileta asubuhi zimenyooka, anatabasamu. Nilikaa chini.

Watoto ni wepesi. Wazito ni watu wazima, kwa sababu ya vidole vyao. Bwejuu nilikuwa na mwanafunzi aliyefunga mwani kwenye kamba maisha yake yote, na maji ya chumvi yalivifanya vidole vyake kuwa vigumu kama gome. Tulihangaika mpaka tukagundua kwamba upande wa nje wa kidole chake kidogo bado unahisi. Alisoma kwa kidole hicho mpaka akamaliza kitabu. Usimkatie tamaa mtu kabla hujajaribu vidole vyake vyote kumi.

Baadaye ikaja misahafu ya nukta nundu, vitabu vinene vinavyojaza rafu nzima, na mimi nikapelekwa kusomea herufi za Kiarabu. Kazi ikawa tamu zaidi na ngumu zaidi. Msahafu haushikwi bila udhu, na huu hausomwi ila kwa kuushika. Kwa hiyo kila kipindi kilianzia bombani, na taulo ilikuwa muhimu kuliko chaki, kwani kidole chenye maji kinaua ukurasa.

Sasa nifike kwa Maalim Othmani.

Alikuwa imamu wa msikiti mmoja wa vichochoroni Mji Mkongwe, hafidhi tangu utotoni, Qurani yote imo kifuani. Sifa yake kubwa ilikuwa mwendo. Watu walimwita Boti, kwa zile boti ziendazo Dar, ingawa si mbele yake. Ramadhani alikuwa akisoma juzuu nzima kila usiku katika tarawehe, na ukitoka hapo unakuta uji wako bado wa moto. Vijana walikuja na vespa kutoka Mtoni kusali nyuma yake. Hata mimi, kwa miaka, nilipita misikiti miwili ya karibu nikenda kwake, na sikwenda kwa sababu nyengine.

Kisha akapata presha ya macho. Alipoteza jicho moja polepole, na la pili kwa haraka. Aliendelea kusalisha, maana hafidhi hahitaji macho. Lakini hafidhi anahitaji kuupitia msahafu wake, na yeye hakuweza tena. Ziko aya zinazofanana sana, na asiyezipitia huingilia sura moja akatokea nyengine. Ramadhani ile alikosea karibu kila usiku, na kila usiku kijana mmoja nyuma yake alikuwa akimkumbusha kwa sauti, mpaka watu wakaanza kuguna. Kijana huyo akiitwa Mudi, mwanafunzi wake mwenyewe. Baada ya Idi, Mzee Suleimani, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alimwendea nyumbani akamwambia kwa heshima zote kwamba mwakani hali ikiwa hivi, watamweka Mudi.

Msikiti ule Maalim aliusalisha tangu ndevu zake nyeusi. Hakuwa na kazi nyengine wala hakutaka kuwa na nyengine. Alikuja kwangu ameshikwa mkono na mkewe, Bi Mwanakheri, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetolewa nyumbani kwake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Bi Raya, mimi sikuja kujifunza kusoma. Kusoma nnajua. Nnataka kidole kiwe jicho tu, nipitie juzuu zangu, Ramadhani nisimame pahala pangu. Basi."

Nikamfungulia msahafu. "Anzia kushoto, Maalim."

"Kushoto?"

"Nukta nundu ya Kiarabu inakwenda kutoka kushoto."

Aliuondoa mkono kama aliyegusa nyoka. "Qurani ya kushoto! Astaghfirullah! Mwanakheri, nyanyuka twende zetu!"

"Maalim, kushoto na kulia ni mambo ya macho," nilimwambia. "Maneno ni yale yale, kwa mpango ule ule. Hakuna lililotangulizwa wala lililochelewa."

"Kaa chini, baba Zuhura," alisema Bi Mwanakheri, "au mwakani ukasalishwe na Mudi, uliyemfundisha alifu."

Akakaa.

Mimi sikuweza kumshika mkono, si maharimu yangu. Kwa hiyo nikawa namwelekeza Bi Mwanakheri, naye anakipeleka kidole cha mumewe kwenye herufi. Matokeo yake, mwezi wa kwanza Bi Mwanakheri ndiye aliyekuwa akisoma, na alimcheka mumewe njia nzima mpaka nyumbani. Kisha ghafla Maalim akachanganya mwendo. Alisoma ukurasa mzima bila kusita, sauti inapanda na kushuka, nami nikamshukuru Mungu. Siku ya pili nikakitazama kidole. Mdomo ulikuwa chini kabisa ya ukurasa, na kidole kipo mstari wa tatu, kimelala.

Kipindi kilichofuata nilichapa karatasi yenye aya kutoka katikati ya sura, nikaiweka mbele yake.

"Sura gani hii?"

"Soma, Maalim."

Kidole kikaenda, kikarudi. Jasho likamtoka kwenye kofia.

"Nambie mwanzo wake tu, mwanangu. Nkipata mwanzo, mie nshaondoka."

Nilikataa. Hakuweza hata neno moja, na sote watatu tulishtuka. Mtu aliyetusomea juzuu kwa muda wa kuchemsha uji alikuwa ameketi mbele ya Qurani na hana pa kuingilia. Tukaanza upya kwa sheria ya Mwalimu Petro, neno halitamkwi mpaka kidole kimelimaliza, na Bi Mwanakheri nikampa ruhusa ya kumfinya akitangulia. Alimfinya kwa moyo mmoja. Mkono wa Maalim ulikuwa na alama.

Miezi ikapita. Alikuwa anatembea sasa neno kwa neno, na zile aya zilizokuwa zikimchanganya zikaachana, kila moja ikakaa pahala pake. Nilikuwa na hakika Ramadhani atasimama.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, alasiri, tupo juzuu ya ishirini na saba, sura ya Hadidi. Kuna aya pale ambamo Mwenyezi Mungu anauliza kama haujafika bado wakati kwa walioamini nyoyo zao zilainike kwa kumkumbuka Yeye. Maalim akaisoma, neno baada ya neno. Alipofika mwisho, kidole kikarudi mwanzo. Nilidhani amepoteza mstari. Akaisoma tena. Akarudi tena. Mara ya tatu aliuondoa mkono, akakishika kile kidole kwa mkono wa pili kama aliyeungua.

"Bi Raya," akasema, "aya hii imo humu siku zote?"

Bi Mwanakheri alinitazama, nami nikamtazama. Hafidhi huyu! Mzee huyu!

"Imo, Maalim. Umetusalisha nayo kila mwaka."

"Nnajua imo!" Alipaza sauti, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Nnauliza, ilikuwa wapi?"

Akainuka, akajigonga meza, akatoka nje akipapasa ukuta, makubadhi kayaacha mlangoni. Bi Mwanakheri alimkimbilia nayo mkononi. Mimi nilifikiri amepigwa na kiharusi, nikawashikilia waende hospitali. Huko wakampima, wakasema presha ya mwili wake ni ya kijana. Siku kadhaa hakuja. Aliporudi alikuwa mpole, amekonda kidogo, na hakuitaja tena aya ile. Nami sikumuuliza. Kusema kweli niliogopa.

Ramadhani ikaingia. Nilisali kwake tangu siku ya kwanza, sisi wanawake tukiwa chumba cha nyuma na kusikiliza kwa spika ya ukutani. Hakukosea. Mwendo ulipungua kidogo, lakini aya zilitoka zimenyooka na Mudi hakuwa na kazi. Mzee Suleimani alinikuta Darajani nanunua tambi, akaniambia mbele za watu, "Bi Raya, umetutengenezea boti letu." Kichwa kilinivimba. Niliona kazi yangu yote imelipwa kwa maneno yale.

Usiku wa ishirini na saba mnaujua. Msikiti ulijaa, kichochoro kikatandikwa mikeka, waliokuwa hawaonekani mwaka mzima walikuwemo. Na usiku ule ni zamu ya juzuu ya ishirini na saba. Maalim aliingia nayo vizuri. Nilikuwa nimesimama, mawazo yangu yapo kwenye chungu cha maharage nilichokiacha jikoni, pale sauti iliposita.

Alikuwa amefika kwenye aya ile. Aliisoma mpaka mwisho, akanyamaza.

Mudi akamkumbusha neno linalofuata. Maalim hakulipokea. Akarudi mwanzo, akaisoma aya ile ile. Mudi akamkumbusha tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akarudi mwanzo tena. Watu wakaanza kukohoa, mnavijua vikohozi vya msikitini. Akaisoma tena, na kila mara sauti ilikuwa inashuka, mpaka spika ikawa haitoi maneno, inatoa kilio cha mtu mzima. Chungu cha maharage sikukikumbuka tena. Mwishowe akarukuu, akasujudu, na sijda ile ilikuwa ndefu mpaka nikadhani amekufa. Tulipoinuka kwa rakaa ya pili akasoma Alhamdu, halafu, Mungu wangu, akasoma aya ile ile.

Hatukuimaliza juzuu. Usiku mkubwa kuliko yote, khatma ya Qurani imekatika. Alipotoa salamu palilipuka zogo.

"Kachanganyikiwa!"

"Hii sala gani hii? Watu tuna watoto nyumbani!"

Kando yangu kulikuwa na bibi mmoja, mtandio wake umerowa. "Nyie nendeni," aliwaambia wenziwe. "Mie niacheni kidogo." Sikujua niondoke na hao au nibaki na huyu, nikabaki nimesimama katikati, viatu mkononi.

Asubuhi Mzee Suleimani aliingia ofisini kwangu na wajumbe wawili. Hakukaa.

"Bi Raya, umemfanya nini Maalim?"

"Nimemfundisha kusoma."

"Kusoma alikuwa akijua."

"Sasa sikiza," akasema, na hakuwa na mzaha hata chembe. "Zimebaki siku chache. Mfundishe tena kwenda mbio."

Nilitaka kucheka, lakini machozi ndiyo yaliyotoka. Kumbe walikuwa wameshamwendea yeye mwenyewe, wakamwomba awaahidi kwamba atamalizia juzuu zilizobaki bila kusimama, na yeye amesema hawezi kuahidi. Usiku ule alisalisha Mudi, na Mudi ndiye anayesalisha mpaka leo. Anakwenda vizuri, watu wanawahi uji.

Mimi ndiye niliyeumia. Mtu aliletwa kwangu ameshikwa mkono ili nimwokolee mihrabu yake, na kwa mikono yangu ndiyo imempotea. Kama ningemwacha na mdomo wake unaotangulia, nikampa kanda za kusikiliza akapitia juzuu zake kwa masikio, pengine angesimama pale mpaka kufa. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kumtazama. Nikasikia wamehamia Bwejuu, kwa ndugu za Bi Mwanakheri. Nikastaafu, mkaniaga, na siku moja nikajikaza nikapanda gari kwenda huko.

Nilimkuta barazani. Msahafu upo mapajani juu ya kitambaa cheupe, kidole kipo juu ya ukurasa.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Bi Raya. Mwanakheri! Weka kahawa, mwalimu wetu kaja."

Nilishindwa kusubiri kahawa. "Maalim, nimekuja kukutaka radhi. Ulikuja kwangu kutafuta mihrabu yako, nami nimekupotezea."

Alicheka, cheko la mtu asiye na dukuduku. "Mihrabu ile ilikuwa inataka boti. Na boti lishapata nahodha mwengine. Hebu kaa."

Nikakaa. Nikaangalia ukurasa, kwani mimi nasoma nukta kwa macho. Ilikuwa juzuu ya ishirini na saba. Ilikuwa aya ile ile. Nukta zake zilikuwa zimeanza kulala kwa kupapaswa.

"Maalim, uko hapa tangu Shaabani?"

"Nnasoma na nyengine, sala zinataka. Lakini kituo changu ni hapa."

"Lakini Maalim, aya hii unaijua! Maana yake unaijua, umeidarsisha. Mbona huendi mbele?"

"Ni suali, Bi Raya," alisema polepole. "Umri wangu wote Mola wangu ananiuliza, na mie nnampita mbio, hata kusimama sisimami. Watu wananisifu kwa ninavyompita. Wewe mtu akikuuliza neno, unamjibu, au unamsomea mpaka mwisho wa juzuu?"

Bi Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni na birika, hakutikisika. Nilitaka kumwambia nitamchapia ukurasa mpya, maana huu unakufa, lakini maneno yaliyonitoka yalikuwa mengine.

"Ushajibu, Maalim?"

"Ningekuwa nshajibu, ningegeuza ukurasa," alisema, na kidole chake kikarudi mwanzo wa mstari.